Zafarani Isiyofifia

Kofi la kwanza nililopigwa na baba, na la mwisho pia, lilikuwa kwa sababu ya jua. Nilikuwa na miaka minane. Niliikuta sahani nyeupe ukumbini imeandikwa kombe kwa zafarani, wino bado mbichi, nami nikaona nimsaidie ikauke upesi. Nikaitoa uani, nikaiweka juu ya kinu, kisha nikaenda kucheza nikaisahau hadi kesho yake alasiri. Baba alipoiona, aya zilikuwa zimepauka, na upande mmoja hazisomeki kabisa. Hakupiga kelele. Alinizaba kofi moja, kisha akakaa mkekani akanieleza kwa sauti ile ile anayofundishia chuoni kwamba zafarani na jua hawakai nyumba moja. Kombe hukaushwa kivulini, akasema, kwa sababu mgonjwa anakuja kunywa maneno, na maneno yakishaliwa na jua atakunywa maji matupu.

Mimi nimerithi ukali wake na pua yake, kwa hiyo nilinuna siku tatu. Lakini somo lile lilikaa. Hata leo nikiona kitu cha manjano kimeachwa dirishani, mkono wangu unakwenda wenyewe kukiondoa.

Baba ni mwalimu wa Kurani. Asili yake ni Pemba; alikuja Tanga kijana, akaoa, akajenga Nguvumali, na hajahama tena. Asubuhi hufundisha watoto, na jioni huwaandikia kombe wanaokuja na shida zao. Aya huandikwa sahanini au kwenye karatasi, wino huoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa hunywa yale maji. Baba hajawahi kumkataza mtu hospitali. Ukimwambia umeacha dawa za daktari kwa sababu ya kombe lake, atakufokea hadi majirani wasikie.

Miaka mingi baadaye nikawa mtu wa kemia, katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, na kazi yangu ikawa hiyo hiyo ya mwanga na kivuli. Nilipowaeleza wazazi wangu mara ya kwanza tulikuwa tunakula, na niliwaeleza hivi. Ndani ya kila seli ya mwili mna maandishi marefu mno yenye herufi nne tu. Hiyo ndiyo DNA. Sehemu inayotoa amri fulani tunaiita jeni. Kuna jeni zinazosema wakati zinapotakiwa kunyamaza, na hapo maradhi huanza. Sisi tunatengeneza kipande kifupi cha herufi kinacholingana na amri ile moja tu, na mwisho wa kipande tunafunga metali adimu iitwayo rutheni. Gizani kipande kinakaa juu ya herufi zake kwa wepesi, na kinaweza kuondoka. Ukikimulika kwa mwanga wa buluu, metali inaamka, inaing'ang'ania herufi iliyo jirani yake, na haiachi tena. Amri haisomeki. Jeni imenyamazishwa, na imenyamazishwa pale tu ulipomulika wewe, si mwili mzima.

"Mnanyamazisha kwa taa," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi niletee moja nimmulike baba yako."

Baba hakucheka. Alikuwa ameshika simu yangu, anatazama picha ya kichupa cha dawa yangu, rangi ya chungwa lililoiva sana. "Hii zafarani," akasema. Nikamwambia si zafarani, lakini hakukosea sana, kwa sababu vitu hivyo viwili vina rangi hiyo kwa sababu moja: vyote vinameza mwanga wa buluu. Dawa yangu ikiumeza inaamka. Zafarani ikiumeza kwa muda mrefu inavunjika, inafifia.

Baba alitafuna taratibu akiwaza. "Kumbe lile kofi lilikuwa la kisayansi," akasema. Hiyo ndiyo radhi pekee niliyowahi kuombwa kwa kofi lile, na niliipokea.

Kazi yangu yote ilisimama juu ya sahani mbili. Seli zangu zilikuwa zimepewa jeni ya majaribio inayozifanya zing'ae kijani, ili mtu aone kwa macho yake imenyamaza au la. Sahani ya kwanza naitia dawa na kuimulika: kijani kinatakiwa kizimike. Ya pili naitia dawa ile ile na kuiweka gizani, katika kabati la joto ambamo seli hulelewa: kijani kinatakiwa kibaki. Ya kwanza haikunisumbua hata siku moja. Ya pili ndiyo iliyonikondesha. Seli za gizani nazo zilikuwa zinazimika. Nilirudia mara tatu, nikabadilisha maji, nikabadilisha glavu, nikabadilisha hata mahali pa kusimama, na kila mara kijani kilikuwa kimepungua nusu.

Msimamizi wangu ni mwanamke mpole, na upole wake unatisha kuliko ukali wa baba. Alizitazama picha zangu, akavua miwani.

"Ama kabati linavuja mwanga," akasema, "ama dawa yako haihitaji mwanga. Kama haihitaji mwanga, hatuna tasnifu. Tuna sumu tu."

Akanipa hadi mwisho wa muhula nimwambie ni lipi kati ya hayo. Miaka miwili na nusu ya maisha yangu ilikuwa inangoja jibu hilo.

Swali lilikuwa dogo na gumu. Utajuaje kama ndani ya kabati lililofungwa mna mwanga? Ukifungua mlango kuchungulia, umeshaingiza mwanga mwenyewe. Kipimo cha mwanga tulichokuwa nacho kilikuwa na waya mnene, na mlango haukufunga ukiwa na waya katikati. Simu hairuhusiwi kuingia mle kwa sababu ya vijidudu inavyobeba. Nilizunguka na swali hilo siku kadhaa, hadi siku moja nikiwa nakunywa chai shavu langu likakumbuka lile kofi. Zafarani. Kikaratasi chenye mstari wa zafarani, ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa, kikae kabatini siku tano pamoja na sahani zangu. Kikififia, mna mwanga. Kikibaki, mna giza. Nilijiona hodari. Nilijisifu kimoyomoyo wiki nzima, na ndiyo maana sikuliangalia wazo lenyewe vizuri.

Idi ile nilikwenda nyumbani, nikamwomba baba anichoree.

Alikuwa anapanga vitabu vyake. Aliacha. "Si ununue zafarani huko huko Dar?"

"Ya huko siijui. Yako naijua."

"Ya kufanyia nini hasa?"

"Ya kupimia giza," nikasema, kwa maringo, nikitaka aulize zaidi ili nimweleze nilivyo na akili. Hakuuliza. Alisema tu kwamba aya haandiki, kwa sababu hajui mahali penyewe pana twahara gani. Nikamwambia mistari mitupu inatosha. Akaingia chumbani, akakaa mle muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka, akatoka na vikaratasi sita vyenye mistari ya manjano iliyonyooka vizuri. Nilidhani ni uzee tu. Nilimbusu mkono, nikavitia ndani ya daftari.

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Kikaratasi kimoja kwenye kichupa kisichofunikwa, kingine kwenye kichupa nilichokizungushia karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula isiyopitisha mwanga, vyote kabatini, siku tano. Vilitoka sawasawa, manjano kwa manjano. Nikarudia siku kumi. Vilitoka vinang'aa kama vilivyoingia. Kwa hiyo kabati lilikuwa na giza kamili, na dawa yangu ilikuwa sumu.

Sikulia siku hiyo. Nilisafisha meza yangu. Niliandika barua ya kumwambia msimamizi kwamba dawa imeshindwa, nikaiacha kwenye kompyuta bila kuituma, nikapanda basi kwenda Tanga. Nilitaka wazazi wangu waisikie kutoka kinywani mwangu kwanza, kwa sababu baba alikuwa ameshautangazia msikiti mzima kwamba bintiye anasomea udaktari wa mwanga, na nilijua atakavyonitetea kwa watu na jinsi kunitetea huko kutakavyoniuma.

Nilifika jioni, nikala, nikashindwa kusema. Nikajiambia kesho.

Asubuhi nilikuwa nafagia ukumbi. Dirisha la mashariki lilikuwa wazi na jua limeingia hadi katikati ya mkeka. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na sahani ya kombe, iko juani, waziwazi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuiondoa, na nikiwa nimeishika nikaitazama. Maandishi yalikuwa makali, kila nukta mahali pake.

"Ya leo hii?" nikamwuliza mama.

"Ya juzi. Ya yule mama wa Pangani, wa ng'ambo ya mto. Kivuko kiliharibika, hakuweza kuvuka. Kasema atakuja leo." Kisha akanitazama mikono yangu iliyoishika sahani, akaniondolea macho. "Irudishe hapo hapo."

Siku mbili za jua la Tanga katika mwezi wa kaskazi. Niliirudisha sahani, nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya rafu ya mama. Iliki, mdalasini, binzari, na nyuma yake kikopo kidogo cha rangi ya biriani, ile ya unga, kifuniko kimechafuka. Mama hakuwa amepika biriani tangu Idi. Kifuniko kilikuwa na alama mbichi ya dole gumba.

Nimejiahidi kulisema hili bila kulipamba. Kabla sijasikia huzuni yoyote, nilifurahi. Kama wino wa baba si zafarani, basi giza langu halijapimwa, na huenda kazi yangu ni nzima. Nilisimama jikoni kwa mama, kikopo mkononi, nikimwomba Mungu baba yangu awe ameghushi.

Huzuni ilikuja baadaye, alipofika yule mama. Nilikuwa nimewahi kumwona. Ana binti mwenye siko seli, mtoto anayelazwa mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa. Kliniki anampeleka, vidonge anampa, na kila baada ya muda anakuja kwa baba na chupa yake safi ndani ya kikapu. Alimwamkia baba shikamoo, ingawa si mdogo sana kwake. Baba akaosha sahani kwa maji ya waridi, maji yakawa ya manjano, akayamimina chupani taratibu lisipotee tone. Yule mama aliishika chupa kwa mikono miwili. Baba hakunitazama hata mara moja. Nami, niliyetumia miaka miwili na nusu kutafuta namna ya kufikia maandishi yaliyomo ndani ya seli za watu, sikusema kitu. Nilijua rangi ile haina madhara, tunaila kila harusi. Lakini nilijua pia kwamba hakuvuka mto kwa ajili ya kitu kisicho na madhara.

Ningeweza kumwuliza baba. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila hawasemi kwamba ni woga kutokuuliza. Badala yake nilifanya jaribio. Nilikwenda Ngamiani kwa mwenye duka mmoja mzee, wa ukoo wa Kiarabu, ambaye hakuniuzia zafarani hadi ametia uzi mmoja kwenye maji moto nikaona rangi ikitoka polepole na uzi ukibaki mwekundu. Nyumbani nikatengeneza wino wangu. Wino wa baba nikauchota kwenye kikombe alichokiacha mezani. Mstari mmoja wa huu, mstari mmoja wa ule, vikaratasi viwili vinavyofanana, nikavibana kwa vibanio vya nguo juu ya ukuta wa uani, karibu na bomba.

Siku ya pili, alasiri, nilikuwa naanua nguo baba alipokuja bombani kutia udhu. Nilikuwa nimesahau kwamba hapo ndipo anapotilia udhu kila siku ya Mungu. Alikwisha kukunja mikono ya kanzu alipoviona. Kimoja kilikuwa bado cha manjano. Cha pili kilibaki na kivuli tu cha mstari, ungedhani chai imemwagika ikafutwa.

Alitia udhu wake wote, bila haraka, mpaka vidole vya miguu. Kisha akanyooka.

"Ipi yangu?"

Nilikuwa na shuka mkononi. Nikalikunja.

"Nakuuliza, mwanangu. Ipi yangu?"

"Hiyo inayong'aa, baba."

Akatikisa kichwa mara moja. "N'lijua ndiyo hiyo," akasema, akaenda kusali.

Aliporudi alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, akaniita nikae. Zamani, akasema, zafarani yake ililetwa na watu waliokwenda Hija. Wale waliokuwa wakimkumbuka wamekufa mmoja mmoja, na wanaokwenda sasa wanarudi na tende na mablanketi. Ilikwisha. Siku iliyokwisha ndiyo siku aliyokuja yule mama wa Pangani kwa mara ya kwanza, na mtoto mapajani, analia kwa maumivu. Wametoka mbali. Baba akaingia ndani, akatazama kijaluba kitupu, akakiona kikopo cha mama.

"N'kasema leo tu. Kesho n'tatafuta. Mungu aijua nia yangu." Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Yule mtoto akapata nafuu. Laiti asingepata. Angezidiwa ningejua n'mekosa, ningeacha."

"Na mama?"

"Mama yako kikopo ni chake."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ndani ya nyumba mama alikuwa anagonga sufuria zisizohitaji kugongwa.

Kisha baba akaniuliza nilichokuwa nakiogopa. "Na vile vikaratasi n'livyokuchorea. Vya kupimia giza. Ulivipima vipi hasa?"

Nikamweleza yote: kabati, kichupa, siku tano, siku kumi, barua niliyoiandika bila kuituma. Baba ana akili ya haraka, hakuhitaji kurudiwa. Nilimwona usoni jambo lenyewe likimfikia.

"Wataka kuacha kazi yako," akasema, "kwa mistari yangu."

"Nilikuwa nataka."

"Mbona hukunambia ni ya kupimia jua? Ningekwambia."

"Ungeniambia, baba?"

Kuku wa jirani alipita, akazunguka bomba, akaondoka. "Sijui," akasema baba. Na mimi, ambaye hoja zake zote za maisha nimezijibu kwa hoja, nilimpenda kwa jibu hilo kuliko kwa lolote alilowahi kunifundisha.

Akaomba ile zafarani ya Ngamiani. Aliosha kikombe mara tatu, akaosha kalamu, akaroweka nyuzi, akangoja. Nilimngoja nikiwa mlangoni, sasa nikijua kwa nini kazi hii inachukua muda. Akanichorea vikaratasi kumi. Mistari ya safari hii haikunyooka kama ile ya kwanza.

Maabarani nikarudia jaribio zima. Kichupa kisichofunikwa na kichupa chenye karatasi ya fedha, siku tano. Kabla sijafungua nilisoma Fatiha, jambo ambalo halimo katika utaratibu wowote wa maabara. Cha karatasi ya fedha kilikuwa cha manjano. Kile kilichokuwa wazi kilikuwa kimepauka, na upande mmoja hakikuwa na mstari kabisa. Upande huo ulikuwa umeelekea nyuma ya kabati.

Nyuma ya kabati, ndani ya tundu la feni, mlikuwa na taa. Tuliikuta kwenye kijitabu cha maelekezo ambacho hakuna aliyekifungua tangu kabati lilipoletwa: taa ndogo ya kuua vijidudu hewani, yenye mng'ao wa buluu, inayowaka mlango ukifungwa na kuzimika mlango ukifunguliwa. Kinyume cha friji. Kila tulipofungua kuhakikisha kwamba mna giza, taa ilizimika, tukaliona giza, tukaridhika. Niliizima. Nikapanda seli upya, nikatia dawa, nikasubiri. Nilipoweka sahani ya gizani chini ya hadubini, seli zilikuwa zimejaa uwanja mzima, kijani, nyingine zikigawanyika. Siku hiyo nililia. Fundi wa maabara aliniuliza kama nimefiwa.

Lakini msimamizi wangu alikuwa ameviona vile vikaratasi vya kwanza, na daftari la maabara lina sheria zake. Unaandika kwa kalamu ya wino. Hufuti, huchani. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaeleza, yeye anatia sahihi. Ilinipasa kueleza kwa nini wino wa kwanza haukufifia. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Nilikuwa na sentensi tayari: zafarani iliyonunuliwa ilikuwa imeghushiwa na muuzaji. Hakuna ambaye angeuliza ni muuzaji gani. Mzee wa Ngamiani asingejua kamwe kwamba nimemsingizia. Ingekuwa "leo tu", kama alivyosema baba kuhusu kikopo.

Niliandika hivi: "Wino wa kwanza haukuwa zafarani, ulikuwa rangi ya chakula. Sikuujaribu juani kabla ya kuutumia, kwa sababu ulitoka kwa baba yangu."

Nilikwenda nyumbani kabla ya daftari kusainiwa, na picha ya ukurasa huo ndani ya simu. Nilimkuta baba kavaa kanzu safi, kakaa ukumbini, hafanyi kitu. Alikuwa anamngoja mama wa Pangani. Alipoingia na kikapu chake baba hakumwacha hata akae vizuri. Akamwambia yote, kwa maneno machache, tangu siku ya kwanza. Mimi na mama tulikuwa mlangoni.

Yule mama alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakutukana. Aliitazama chupa yake tupu.

"Mwanangu amekunywa hii miaka yote, mwalimu," akasema.

"Ndiyo."

"Na mie n'kimwambia, kunywa, haya ni maneno ya Mungu."

"Maneno yalikuwa ya Mungu," baba akasema. "Wino ndio uliokuwa wangu."

Yule mama akairudisha chupa kikapuni, akaifunika kwa kitambaa, akatuaga kwa adabu, akatoka. Baba alikuwa na sahani mpya mezani, ameiandika kwa zafarani ya Ngamiani, ameikausha kivulini. Mama wa Pangani hakuichukua. Hajarudi tena hadi leo.

Adhana ikatukuta hapo hapo. Kisha baba akaniuliza nimeandika nini kwenye daftari langu. Nikamsomea. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo alisikiliza huku ameyafumba. Nilipofika mwisho akayafumbua.

"Hilo la mwisho limo daftarini?"

"Limo."

"Lifute."

"Haturuhusiwi kufuta, baba."

Mtu aliyeandika maisha yake yote maneno ya kuoshwa na kunywewa alilipima hilo kwa muda. Nilidhani atafoka. Nilikuwa tayari afoke.

"Basi ongeza chini yake," akasema, "kwamba baba huyo ameacha."

Niliongeza, kwa wino, na tarehe. Msimamizi wangu alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima hadi mstari huo, akanitazama, akatia sahihi.